Funzo la Haragwe Lenye Tundu

Watu wakipona huandika kwamba imani ndiyo iliyowainua. Sitaki kukudanganya wewe unayesoma haya ukiwa umelala, au ukiwa kwenye benchi unangoja jina lako liitwe. Mimi aliyenitoa kitandani ni Kanana, mke wa shemeji yangu, na hakunitoa kwa wema. Nilimchukia hata nikakataa kufa kabla yake. Mungu alikuwepo, sikatai, lakini kwa miezi mingi alingoja nje ya mlango kama mgeni aliyekuta wenye nyumba wakigombana.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu na ninaishi Kaaga, nje kidogo ya mji wa Meru. Mume wangu Mutwiri na ndugu yake mdogo waligawana shamba la baba yao, kwa hiyo kati ya nyumba yangu na ya Kanana kuna ua wa michongoma tu. Wanawake wote wa hapa huitwa kwa majina ya watoto wao. Mimi ni Mama Karimi, kwa ajili ya binti yangu. Kanana hana mtoto, kwa hiyo ameitwa Kanana tangu siku alipoolewa.

Kila Alhamisi saa tisa akina mama wa kanisa letu hukutana, na tuna desturi ambayo niliianzisha mimi mwenyewe na kuionea fahari. Mmoja wetu huja na kiondo, kikapu chetu cha kusuka, chenye kitu cha kawaida kutoka nyumbani kwake, kimefunikwa kwa kitambaa. Zamu yake ikifika hufunua, hukiinua kile kitu juu, na kutuonyesha Mungu anatufundisha nini kwa kitu hicho. Mmoja alileta kichujio cha chai na kutuambia habari za moyo unaoachilia chai na kubaki na majani. Mwingine alileta kuku aliyeatamia mayai ya bata, na kuku yule akaruka akatua kwenye vitabu vya nyimbo, funzo likaishia hapo. Mimi nilikuwa bingwa. Nikiona ufagio umeegemea ukuta, tayari nilikuwa na mahubiri ya nusu saa.

Funzo langu lililosifiwa kuliko yote lilikuwa la haragwe. Nilileta haragwe zuri, jekundu, linang'aa, lenye tundu dogo kama la pini. Nikaliinua na kusema: mdudu aliyetoboa hapa hakuingia ghalani, alikuwamo ndani tangu shambani. Kwa hiyo, dada zangu, maisha ya mtu yakitoboka msilaumu ghala. Tazameni ndani. Waliitikia amina hadi mabati yakalia. Baadaye niliombwa nilirudie funzo hilo katika makanisa mengine matatu, na mara moja nilichukuliwa kwa gari mpaka mji wa Maua.

Basi, ugonjwa. Niliuona uvimbe kwenye titi la kushoto nikioga, wiki tuliyopanda maharagwe ya mvua za Oktoba. Ulikuwa mgumu kama punje ya hindi, na haukuuma. Kwa kuwa haukuuma, nikauacha. Hilo ndilo kosa langu la kwanza na nakuomba usilirudie. Niliuacha mpaka maharagwe yakatoa maua, na siku niliponyanyua kwapa na kukuta punje nyingine ndipo nilipomwambia Mutwiri. Mtu wa pili niliyemwambia ni Kanana. Tulikuwa tukichuma majani ya kunde, nikamshika mkono na kuuweka pale. Aliukandamiza kidogo, kisha akasema, "Mama Karimi, kesho tunaenda hospitali. Hata kama ni mguu." Na kweli alinipeleka. Nataka ujue hivyo, ili uelewe kwa nini baadaye nilikasirika vile.

Hospitali niliijua kwa benchi zake kabla sijamjua daktari yeyote. Ile ya ukumbi wa kwanza ina msumari uliojitokeza upande wa dirisha, na wagonjwa wa zamani huwaachia wageni nafasi hiyo. Nilikaa juu ya msumari ule siku ya kwanza mpaka mama mmoja wa kilemba cheusi akanivuta kwa kiwiko. "Mwalimu, sogea huku. Hapo ni pa wanafunzi wapya." Sijui alijuaje kwamba ni mwalimu. Alikuwa mke wa muuza nyama mmoja wa mjini, na aliitwa Mama Halima. Alikuwa na chupa ya chai ya tangawizi na vikombe viwili, kwa sababu, alisema, ugonjwa huu hauji kwa mtu mmoja. Tuliambiwa majibu yetu wiki moja, yeye Jumatatu, mimi Jumatano.

Dawa ya kwanza niliwekewa maharagwe yakiwa yameanza kukauka kwenye maganda. Ni dawa nyekundu kama juisi, na ukienda chooni inatoka nyekundu vilevile; usiogope. Siku ya tatu chakula chote kilikuwa na ladha ya shilingi iliyonyonywa. Wiki ya tatu nywele zilibaki mkononi mwangu nikijipaka mafuta kichwani, kwa vishungi, bila maumivu, kama nyasi kavu. Binti yangu Karimi, ambaye anasoma chuo hapa mjini, aliziokota zote sakafuni, kisha akaenda kulia nyuma ya zizi. Nilimsikia. Ng'ombe naye akamsikia, akaanza kulia pia, na mimi nikacheka kwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Mutwiri alihamia sebuleni. Alisema ananiachia nafasi nilale vizuri. Mume wangu si mtu mbaya, lakini ni mtu wa kukimbilia shambani. Kadiri nilivyozidi kuugua, ndivyo shamba lilivyozidi kuwa safi. Mwezi huo hapakuwa na jani moja la magugu Kaaga nzima.

Sasa sikia. Dawa ya tatu ilinilaza kabisa. Mdomo ulijaa vidonda, kucha zikawa nyeusi, na Alhamisi hiyo sikuweza kwenda kwenye mkutano. Wasiohudhuria hutumiwa funzo kwenye simu, likiwa limerekodiwa, katika kundi letu la akina mama. Hiyo nayo nilikuwa nimeianzisha mimi. Saa kumi na moja jioni simu ikalia, nikaiweka juu ya mto nisikilize neno la kunifariji.

Ilikuwa sauti ya Kanana. "Dada zangu, leo nimewaletea haragwe. Funzo hili si langu, ni la mwalimu wetu ambaye hayuko, ni mgonjwa, tuzidi kumwombea. Mnaona hii tundu? Mdudu hakuingia kwa ghala. Alikuwa ndani kutoka shamba. Mimi sitaki kutaja mtu jina. Lakini ukiona mtu anaanza kutoboka, asisingizie chakula, asisingizie hewa. Kitu ya ndani ni ya ndani."

Kisha nikasikia amina. Sikusikia amina moja ya kundi. Nilisikia moja moja, kwa sababu nawajua. Ile nyembamba ya mama mchungaji. Ile nzito ya jirani yangu wa juu. Ile ya mwanamke niliyemfundishia watoto wanne kusoma. Niliurudia ujumbe ule mara sita, nikizihesabu sauti.

Nilipomaliza, nilimwita Karimi na kumwambia alete uji. Akaniuliza, "Mum, si ulisema hauwezi kumeza?" Nikamwambia nitameza. Ulipita kwenye vidonda kama moto, machozi yakanitoka, na nikamaliza kikombe. Nilikuwa nakula kwa sababu maiti hawezi kulipiza.

Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa mwenye bidii kuliko wote katika kaunti. Nilitembea mpaka langoni kila asubuhi ili Kanana anione nikitembea. Siku niliyotapika nilitapikia upande wa nyuma. Alipoleta ucuru, ule uji wetu mchachu wa kubebwa kwenye kibuyu anaopelekewa mgonjwa, nilimshukuru kwa tabasamu, na alipovuka ua nikammwagia nguruwe. Nguruwe akanawiri. Mutwiri aliona.

"Mama Karimi, hii hasira itakumaliza mbele ya ugonjwa," aliniambia.

"Hii hasira ndiyo inanipikia," nikamjibu. "Wewe umepika nini?"

Akachukua jembe akaenda zake.

Tatizo la mwalimu wa mafunzo ya kikapu ni kwamba hawezi kuacha kuona mafunzo. Yalinifuata kama inzi. Mvua za Machi ziliponyesha nilikuwa nimemaliza dawa ya tano, na nilimwona Mutwiri dirishani akikata mibuni mizee ili ichipue upya. Aliikata karibu na ardhi bila huruma, akapaka udongo kwenye vidonda vya miti, akaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto. Moyo wangu ukaniambia waziwazi: kukatwa si kuchukiwa. Lilikuwa neno zuri, na nilikuwa nangoja upasuaji, nililihitaji. Lakini papo hapo nikawaza kwamba panga lile lingepita ng'ambo ya ua na kukata kitu fulani kule. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Mungu akinipa mkate, mimi naangalia kama waweza kurushwa.

Mama Halima ndiye peke yake niliyemsimulia yote. Yeye alifurahia. "Usimsamehe sasa," aliniambia tukiwa tumefungwa dripu zetu, viti vikiwa vimekaribiana. "Subiri nywele zimee kwanza. Mtu hasamehi akiwa na kipara, baridi inamkumbusha." Alinifundisha kunyonya ukwaju ili ladha ya shilingi itoke mdomoni, na kubeba leso mbili, moja ya kukalia na moja ya kujifunika, kwa maana ukumbi ule una upepo. Mambo hayo mawili yalinisaidia kuliko vitabu vyote vya dini nilivyoletewa.

Nilipasuliwa mwezi wa Julai, wakati wa baridi na ukungu, wakati ambao Kaaga huoni mti ulio mita ishirini. Walitoa titi lote na tezi za kwapani. Nilirudi nyumbani na chupa ndogo iliyoning'inia ubavuni ikikusanya maji mekundu, na Karimi aliishonea mfuko wa kitambaa cha maua ili nisione. Mkono wa kushoto haukunyanyuka. Waliniambia nisimame mbele ya ukuta na kupandisha vidole kidogo kidogo kila siku. Nilichukua chaki yangu ya shule, nikachora mstari mahali ambapo kichwa cha Kanana kingefikia. Siku ya ishirini na mbili nilikigusa.

Kwa majuma mawili Mutwiri hakunitazama kifuani. Alizungumza na paji la uso wangu. Kisha Jumapili moja wote wakiwa kanisani, aliingia na beseni la maji ya moto, akafunga dirisha, akaniambia nigeuke. Aliniosha mgongo. Halafu bila kuulizwa akanigeuza akaniosha mbele, taratibu, akifuata kovu na kitambaa kama anayefuata mpaka wa shamba asije akaingia kwa jirani. Akakamua kitambaa. "Iko sawa," akasema. "Imeshonwa vizuri." Usiku huo alirudi chumbani. Hilo nalo nimeliandika kwa ajili ya wanaume watakaosoma.

Mwezi wa Agosti daktari aliniambia kwamba picha zimetoka safi, niendelee na vidonge na nirudi kila baada ya miezi mitatu. Hakusema nimepona, ila alisema niende nyumbani nikaishi. Huku kwetu mtu akivuka hapo, hufanya shukrani. Hupigwa hema, huchinjwa mbuzi, watu wa kanisa huja, na aliyevuka hupewa kipaza sauti aseme apendavyo, na hakuna mtu wa kumkatiza. Nilikuwa nimekingoja kipaza sauti hicho tangu dawa ya tatu.

Mpango wangu ulikuwa tayari. Ningesimama na kiondo kilichofunikwa, kama ilivyo desturi. Wote wangenyoosha shingo waone mwalimu kaleta nini baada ya mwaka mzima. Ningefunua, ningekiinua, nacho kingekuwa kitupu. Ningesema: dada zangu, kuna chombo ambacho Mungu mwenyewe alikitazama ndani, kisha akakataa kutia kitu. Mimi sitaki kutaja mtu jina.

Nilimwambia Mama Halima hayo siku ya kubadilisha bandeji, nikitarajia acheke. Hakucheka. Alifunga chupa yake ya chai pole pole. "Hilo, Mwalimu," akasema, "ukishalitoa, huwezi kulirudisha. Mimi ningekutilia hata sumu kwenye nyama yake, lakini hilo hapana." Nikamwambia yeye hakurekodiwa funzo la kumsema. Akasema kweli, hakurekodiwa.

Kulingana na desturi, mwenye shukrani huenda mwenyewe kwa miguu nyumba kwa nyumba kuwaalika watu. Kutuma ujumbe ni dharau. Nilimweka Kanana mwisho. Nilitaka kumwalika kwa mdomo wangu, na nilitaka aketi kiti cha mbele kabisa, katikati, mahali ambapo hawezi kuinama asionekane.

Nilimkuta barazani amekaa juu ya gunia, ungo mapajani, akichambua mbegu za kupanda mvua zikija. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nywele zangu zilikuwa zimeota kufikia upana wa kidole kimoja, na sikufunga kitambaa kusudi.

"Muga, Kanana. Jumamosi nafanya shukrani. Nimekuja kukuita."

"Nimesikia. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuwekea kiti cha mbele."

Alitua ungo chini. "Cha mbele? Mimi?"

"Wewe ndiwe ulinipeleka hospitali siku ya kwanza. Lazima watu wakuone."

Alinitazama. Kanana ana macho makubwa, na alikuwa amekonda. Sikuwa nimemwona vizuri mwaka mzima kwa sababu nilikuwa namwangalia ili anione. "Mama Karimi," akasema, "kama unataka kunimaliza, nimalizie hapa. Usinipeleke mbele ya watu."

"Wewe ulinipeleka wapi?" Sauti yangu ilipanda nikashindwa kuishusha. "Nilikuwa na vidonda mpaka kooni! Nikalala na simu juu ya mto nisikie maombi, nikusikie wewe unaniita haragwe lililooza!"

"Nilijua utasikia. Ndio maana nilingoja siku haukuja, irekodiwe. Nilitaka usikie ukiwa umelala chini."

Nilitafuta kitu cha kumpiga nacho, nakwambia kweli. Palikuwa na mchi karibu. Lakini alikuwa anaendelea kusema, na hakuwa anasema kwa hasira.

"Unakumbuka ile Alhamisi ya kwanza ulituletea haragwe? Si zile za Maua. Ya kwanza."

"Nimeifundisha mara nyingi."

"Ya kwanza ilikuwa miaka tisa imepita. Nilikuwa nimezika mtoto, siku kumi na sita tu zimepita. Niliambiwa nije kwa ushirika nisikae na mawazo nyumbani. Nikakuja. Maziwa bado yalikuwa yanatoka, nilikuwa nimefunga kifua na kitenge. Nikakaa kwa ile benchi ya pili. Wewe ukainua haragwe, ukasema ukiona imetoboka usilaumu ghala, angalia ndani. Mama mkwe alikuwa amekaa kando yangu. Akageuka akaniangalia tumbo."

"Kanana, mimi sikukutaja."

"Haukunitaja," akasema. "Na mimi sikukutaja."

Nilikaa. Mimi niliyesema sikai. Nilikaa kwenye gunia lake la mbegu, kando yake.

"Alikuwa msichana," aliendelea. "Alitoka amekwisha kufa, lakini alikuwa na kucha. Desturi unaijua. Msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba. Angeitwa Karimi, kama wako, wangekuwa Karimi wawili hii boma. Kila jioni ukisimama hapo kwa ua ukiita wako, 'Karimi, wee Karimi, leta maji,' mimi hapa ndani ninaitikia. Kwa roho. Miaka yote hii."

Laiti ningekuandikia kwamba nilimkumbatia. Nilikuwa nikitafuta njia ya kutoka. Nilijaribu kujiambia kwamba siku ile miaka tisa iliyopita sikujua, kwamba alikuwa tu mmoja katika wanawake thelathini. Ndilo nililomwambia Mutwiri baadaye jioni. Lakini wewe ni mgonjwa, na mgonjwa hastahili kudanganywa, kwa hiyo nitakuambia nisilomwambia mume wangu. Nilijua. Nilimwona akiingia na kitenge chake, akikaa benchi ya pili. Wakati huo watu walikuwa wakinong'ona kwamba mimba yake ya tatu kutoka si bure. Nami, nikiwa na haragwe kiganjani, nikawaza: vizuri, na huyu naye atasikia, litamsaidia kujichunguza. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Nilikuwa na afya, nilikuwa na mtoto, nilikuwa na matiti mawili.

Nilirudi nyumbani bila kuaga. Siku tatu zile nilimkasirikia kuliko mwaka mzima. Alikuwa ameninyang'anya kisasi changu na kuniachia chake. Nilikataa kula, na Karimi akiniuliza kuna nini, nasema ni vidonge. Niliomba, na maombi yangu yalikuwa haya: Bwana, mbona hukuniacha nimpige kwanza ndipo nijue? Sikujibiwa. Nje mbegu zilikuwa zimeanikwa kila uga wa Kaaga, maharagwe mekundu kila mahali nilipotupa macho, na hata moja halikunifundisha kitu.

Jumamosi hema lilijaa. Mama Halima alituma nyama ya mbuzi wawili waliochinjwa kwa dini yake ili kila mtu ale, naye mwenyewe akaja amevaa buibui jipya, akakaa karibu na masufuria akisimamia. Waliimba, mchungaji akaomba, watu wakatoa shukrani zao. Kanana alikuja. Nilidhani hatakuja. Alikuja amevaa nguo ya kijani, akapita katikati ya watu wote, akaketi kiti cha mbele, katikati, akakunja mikono.

Nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa na kiondo begani, kimefunikwa. Nakwambia, mpaka nilipoinuka sikujua nitasema lipi. Lile la kwanza lilikuwa bado mdomoni, tamu, limekamilika. Wote walinyoosha shingo vilevile nilivyowaza. Nikafunua kitambaa, nikakiinua kiondo, nikakigeuza chini juu wakaona ni kitupu.

"Nilikuwa nimekileta hiki kitupu," nikasema, "ili nimwue nacho mtu."

Kicheko kidogo kikatokea nyuma, kikafa.

"Miaka tisa imepita, mwanamke mmoja alikaa benchi ya pili siku kumi na sita baada ya kuzika mtoto. Mimi nikijua, nikainua haragwe. Nikalielekeza kwake na kuliweka jina la Mungu chini ya neno langu, kama sahihi. Sikumtaja. Mtu muoga hataji. Mdudu wa maharagwe ni mdudu tu, akina mama. Hana habari na dhambi ya mtu. Mtoto yule hakufa kwa sababu ya mama yake, na mimi sikuugua kwa sababu ya chochote mlichonong'ona. Niliwafundisha uongo, nikausambaza mpaka Maua."

Pumzi ilianza kunikata. Kovu liliniuma. Lakini hasira yangu haikuwa imeisha. Ilikuwa imepata tu mahali pengine pa kwenda, na niliiacha iende.

"Na nyinyi. Siku ile mliitikia amina. Mwaka huu lilipoinuliwa haragwe lile lile juu yangu, mkaitikia tena. Ninazo sauti zenu kwenye simu hii. Nawajua mmoja mmoja. Mmekunywa ucuru kwangu, nimewafundishia watoto. Nani kati yenu aliwahi kumwuliza yule mama mtoto wake alikuwa msichana au mvulana? Asimame nimwone."

Hakusimama mtu. Mama mchungaji, ambaye ni mtu wa amani, aliona mambo yanaharibika, akafanya kile tunachofanya siku zote kanisani mtu akisema kweli kupita kiasi: akaanzisha wimbo. Wawili watatu wakaudaka kwa shukrani, makofi yakaanza, ngoma ikatafutwa. Sauti yangu iliyochoka isingeweza kushindana nao. Nilishusha kipaza sauti.

"Nyamazeni!"

Alikuwa Kanana. Hakugeuka nyuma, hakuinuka. "Nyamazeni, muache amalize. Mimi nimengoja miaka tisa."

Wimbo ukakatika katikati ya neno. Nikainua tena kipaza sauti, na nikasema lililobaki, ambalo lilikuwa gumu kuliko yote, kwamba mtu yule nilimwona, nilimwona akiingia. Hapo nikalia. Nililia vibaya, kwa kamasi, mbele ya kanisa zima na mbuzi wawili, mkono mmoja ukishika mahali palipokatwa. Karimi alitaka kunijia, Mutwiri akamzuia. Kanana hakunyanyuka kunishika wala hakunipa kitambaa. Alinitazama mpaka nikamaliza, bila kupepesa macho, na mimi sikumwomba aache.